Tangazo Ambalo Sikulisoma

Tuliisikia kabla hatujaiona. Ilianzia mbali, upande wa mlima, kama mahindi makavu yanayomiminwa kutoka gunia moja hadi jingine, kisha ikasogea juu ya mabati ya Kamukuywa, nyumba baada ya nyumba, na kila mtu kanisani aliyekuwa ameanika kitu nyumbani akainua kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na karatasi mkononi, nikiwasomea habari za shule.

Kwetu miaka ile habari za shule zilisomwa kanisani, hasa wakati wa likizo. Ofisi ya elimu iliwaandikia walimu wakuu barua, walimu wakuu wakaandika vikaratasi vya makanisa, na Jumapili, baada ya mahubiri na kabla ya sala ya kufunga, mtu alisimama akasoma: siku ya mkutano wa wazazi, siku ya dawa za minyoo, mwalimu gani amehamishwa na nani anakuja mahali pake, choo cha wavulana kinachimbwa lini na nani alete kamba. Hakuna aliyeuliza kama waliobaki nyumbani wamesikia. Jambo likishasomwa kanisani lilihesabiwa limesikika. Hata asiyekuwa na kanisa alijua wajibu wake ni kusimama njiani saa nane mchana na kuuliza wanaorudi, "Leo shule imesema nini?"

Baba yangu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa chuo, na kazi ya kusoma vile vikaratasi iliniangukia kwa sababu nilikuwa na sauti na sikuogopa watu. Kusema kweli niliipenda kupita kiasi. Baba aliandika kama anavyoandika mwalimu mkuu, sentensi fupi zisizo na nyama, na mimi nilizijazia nyama nikiwa nimesimama. Akiandika kwamba mwalimu fulani anastaafu, mimi niliongeza vumbi la chaki lililokaa miaka thelathini kwenye mabega yake, na kina mama wa bench za mbele walifuta macho. Walianza kuniita mwalimu mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliamini kwamba watu wanakuja kanisani kunisikia mimi.

Jumapili hiyo ya Aprili, baba hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Myanga kumpa pole mwalimu mwenzake aliyefiwa, akaniachia karatasi juu ya meza ya chakula, imewekewa kikombe isipeperuke. Upande wa mbele ulikuwa na habari mbili: matokeo ya mashindano ya riadha, na mwalimu mpya wa hesabu. Chini kabisa alikuwa ameandika neno moja na kulipigia mstari: Geuza.

Niligeuza nikiwa bado nyumbani. Nyuma kulikuwa na tangazo moja. Orodha ya watahiniwa wa darasa la nane ilikuwa imerudishwa na ofisi. Wale walioandikishwa bila cheti cha kuzaliwa walete cheti hicho, au barua ya chifu, shuleni kesho Jumatatu bila kukosa, kwa kuwa orodha inapelekwa tena Jumanne asubuhi na baada ya hapo haifunguliwi. Niliisoma mara moja. Sikuona mahali pa kuitilia nyama.

Niliwajua waliohusika. Walikuwa watano au sita, na mmoja wao alikuwa mama wa watoto watatu.

Alikuwa ameacha shule zamani akiwa darasa la saba, alipopata mimba ya kwanza. Mwaka serikali ilipoondoa karo za shule za msingi, alikuja mwenyewe ofisini kwa baba na kusema anataka kumalizia. Baba alimwekea bench ya nyuma kwa sababu ya miguu yake mirefu. Watoto wa darasa lake walimwita mama, bila mzaha, na alipochelewa walimwazima madaftari yao anakili. Alijishonea sketi ya rangi ya shule, kijani kibichi, kwa cherehani ya kuazima, na mishono yake ilikuwa safi kuliko ya fundi yeyote wa sokoni. Alichotaka kilijulikana kijiji kizima. Chuo cha ufundi kilikuwa na darasa la ushonaji na hakikuchukua mtu asiye na cheti cha darasa la nane. Na mumewe, ambaye alikuwa akibeba watu kwa baiskeli pale kituoni, alikuwa amekubali afanye mtihani huo mara moja. Si mara mbili.

"Nimepewa tiketi ya kwenda," aliwaambia wanawake kisimani, "ya kurudi ati imeisha." Walicheka, naye akacheka nao.

Basi nilisimama mbele nikasoma riadha. Msichana wetu mmoja alikuwa ameshinda mbio za mita elfu moja na mia tano bila viatu. Baba aliandika jina, mbio na nafasi. Mimi niliwachukua watu hadi uwanjani. Niliwaonyesha matope, kona ya mwisho, msichana wa shule nyingine aliyekuwa na raba nyeupe akiangalia nyuma na kuona nyayo tupu zinakuja. Sikuwa nimekuwepo. Niliona tu midomo ya watu imefunguka, na mzee mmoja akapiga goti lake kwa kofi akisema, "Huyo ni wetu, bana." Nilikaa pale kwenye ile kona ya mwisho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamleta mwalimu wa hesabu, naye nikamvisha miwani ambayo hakuwa nayo.

Hapo ndipo tukaisikia mvua.

Ilikuwa bado haijatufikia. Ilikuwa kama kwenye posho mill, kule kunakosagwa mahindi, nusu kilomita. Kulikuwa na muda wa kusoma tangazo la nyuma, hata mara mbili. Lakini nyuso zilikuwa zimeniacha. Kina mama walikuwa wakifunga watoto mgongoni, wanaume wakitazama mlango, mtu alikuwa ameshaokota kikapu chake. Kilichobaki kilikuwa sentensi kavu ya cheti na chifu, na mimi sikuweza kuvumilia kusomea watu wasionitazama. Nilimwona yule mama bench ya mwisho karibu na mlango, mtoto wake mdogo akimvuta kitambaa cha kichwa. Nikajiambia, nitamwambia nje. Nikakunja karatasi.

Mchungaji alifunga kwa sala ya mistari miwili. Tulipofika mlangoni mvua ilikuwa ukuta. Watu walikimbia na magunia ya nailoni vichwani na sikuweza kutofautisha mtu na mtu. Nikajiambia, nitakwenda kwake jioni. Jioni mto uliokuwa kati yetu na wao ulikuwa umejaa, na mimi nilikuwa na kitabu cha kuazima kilichokuwa kimebakiza kurasa mia moja. Nikajiambia, labda amesikia kwa watu. Angesikia kwa nani, kitu ambacho hakuna aliyekisikia?

Hayo yote ningeweza kuyaita uzembe, na uzembe watu husamehewa. Kilichofuata si uzembe.

Jumatatu baba alikaa ofisini tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja. Alirudi na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaja kusimama kwenye mlango wa jiko ambako nilikuwa nasonga ugali.

"Wamekuja wanne," alisema. "Yule mama hajaja."

Nilisonga.

"Na wale wanne wamekuja kwa sababu niliwapata njiani jana nikirudi kutoka Myanga, nikawaambia mwenyewe. Wewe ulisoma nyuma ya karatasi?"

"Nilisoma, baba."

"Mvua haikuwasumbua?"

"Ilikuja. Lakini nilisoma."

Kulikuwa bado na mwanga. Kwake yule mama, kwa baiskeli, ni nusu saa ukizunguka kwa daraja, na chifu alikuwa jirani yao. Baba alikuwa mtu wa kwenda. Kama ningesema hapana, angegeuza baiskeli pale pale, na mimi ningepata maneno makali ya jioni moja.

"Basi mume amemkataza," alisema. "Nilijua tu. Watu hawa." Akavua koti, akaomba maji ya kunawa.

Orodha ilikwenda Jumanne. Jina lake lilipigwa mstari.

Alijua shule zilipofunguliwa, wiki tatu baadaye. Alikuja na ile sketi ya kijani na daftari jipya, na baba akamwita ofisini. Sijui walivyosemezana. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, alimngoja baba nje chini ya upenu wa kanisa, na mimi nilikuwa nyuma ya baba na sikupata pa kupitia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa ndani," alisema. Hakupaza sauti. "Hiyo siku nilikuwa ndani mpaka mwisho. Sikusikia hayo maneno."

"Mama, ilisomwa."

"Ilisomwa saa ngapi?"

Mzee wa kanisa alikuwa akifunga dirisha, akasikia, akaja. Alikuwa mtu mwema, aliyempenda baba na aliyependa amani. "Ilisomwa," alisema. "Mimi nilisikia na haya masikio. Ya vyeti. Si ilikuwa vyeti?"

"Vyeti na barua ya chifu," baba alisema.

"Eee, hiyo ya chifu. Nilisikia kabisa."

Mwanamke mwingine aliyekuwa amesimama karibu akasema hata yeye alisikia, ila hakuweka maanani kwa vile haikumhusu. Wa tatu akasema, "Si ndio wakati mvua ilianza? Wewe ulikuwa unashughulika na mtoto, dada."

Niliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wakinitetea. Walisikia kweli. Walikuwa wameshaliweka tangazo lile mahali pake, kati ya mwalimu wa hesabu na sala ya kufunga, kwa sauti yangu, na kama ningewaambia halikuwepo wangebishana na mimi.

Yule mama akanigeukia.

"Binti ya mwalimu," alisema, "wewe ndiye ulikuwa unasoma. Ulisoma?"

Macho yake hayakuwa na shtaka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alikuwa ananiuliza kama mtu anavyouliza njia.

"Nilisoma," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Basi ni mimi," alisema. "Basi haya masikio yana shida." Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akamuaga baba kwa mikono miwili, akaondoka.

Baada ya hapo kijiji kilifanya kazi yake. Ilisemwa kwamba alilala kanisani. Ilisemwa kwamba mwanamke mwenye watoto watatu akipeleka akili darasani, masikio hubaki jikoni. Kwa muda lilikuwa neno la kutaniana, mtu asipoitika upesi aliambiwa, "Wewe pia hukusikia ya chifu?" Hakurudi shuleni. Mwezi mmoja baadaye nilisimamisha baiskeli ya abiria pale kituoni na nikakuta ni ya mumewe. Kiti cha nyuma, kile cha sponji, kilikuwa kimevalishwa kitambaa kipya, kijani kibichi, chenye mshono safi pembeni. Nilimwambia mumewe nimekumbuka kitu nyumbani. Nilitembea kilomita nne kwa miguu na hata adhabu hiyo niliiona ni ya kujiridhisha tu, kwa sababu hakuna aliyejua kwa nini natembea.

Nilikwenda chuo. Nilikaa Kitale baadaye, nikifundisha masomo ya jioni na kuandika. Tulikuwa vijana kama wanane tuliokutana Jumamosi kwenye chumba nyuma ya kinyozi kusomeana kazi zetu, na jioni moja niliwasomea hadithi ya mvua inayolifikia kanisa na kuifunika sauti ya msomaji, na ya mwanamke anayepoteza kitu kwa sababu hiyo. Katika hadithi msomaji alikuwa amesoma. Mvua ndiyo iliyokosa. Waliipenda. Mmoja alisema amesikia mabati. Niliirudisha nyumbani nikaiweka chini ya godoro kama kitu cha wizi, na sikuichoma, maana ilikuwa nzuri.

Yule mama nilimpata mtaa wa Tuwan, pale pale Kitale, bila kumtafuta. Nilikuwa nimekwenda kuulizia chumba cha kupanga, na yeye alikuwa ameketi mbele ya mlango wa ploti, ile safu ya vyumba, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Si huyu ni binti ya mwalimu," alisema. "Karibu, karibu. Mwalimu yuko?"

Nilimwambia baba alishastaafu na yuko salama. Akanivuta ndani. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, kisafi, na mume alikuwa kazini, analinda ghala la mahindi zamu ya mchana. Hapakuwa na cherehani. Akaweka maji ya chai, akaniuliza habari za Kamukuywa, nani amezaa, nani amezikwa, na kila alipotaka nirudie jambo aliinamisha kichwa upande mmoja na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Nilidhani ni kelele za nje.

"Unanisamehe," alisema. "Unajua haya masikio yangu tangu zamani. Daktari alichungulia akasema hayana kitu. Lakini mimi nayajua."

Nikaweka kikombe chini. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia yote, ovyo ovyo, nikianzia katikati: karatasi, neno lililopigiwa mstari, mvua ilivyokuwa bado kwenye posho mill, baba mlangoni mwa jiko, na mara zote mbili nilipoulizwa nikajibu nimesoma. Nilimwambia hakukuwa na mtu aliyesikia kwa sababu hakukuwa na cha kusikia.

Alinisikiliza akiwa ameinama mbele, kiganja bado nyuma ya sikio. Nilipomaliza akakishusha. Akakitazama kile kiganja.

"Hukusoma," alisema.

"Sikusoma, mama."

"Na wale walisema walisikia."

"Walisema."

"Mzee wa kanisa pia." Alifikiri. "Alikufa huyo akijua alisikia."

Maharagwe aliyoyaweka motoni baada ya chai yalikuwa yakichemka. Aliinuka akapunguza moto, akarudi akaketi, na nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi hilo miaka mingi.

"Unajua ni nini," alisema, "si cheti. Cheti ningekosa hata kwa kufeli. Lakini huyu mwanaume wangu, kila kitu kikipotea hapa ndani, sufuria ikiungua, mtoto akikohoa, huwa anasema, 'Wewe si ndiye hata kanisani hukusikia?' Mbele ya watoto. Na mimi nakubali. Mimi mwenyewe nakubali." Alinitazama. "Anarudi saa kumi na mbili. Hiyo ni saa moja tu kutoka sasa. Kaa umwambie."

Nilitazama mlango.

"Nikimwambia mimi atasema nimetunga. Atasema nimengoja mwalimu mkuu azeeke ndipo nilete hadithi. Lakini wewe ukisema na mdomo wako, akikuona, ataamini. Hata usiseme mengi. Sema tu hiyo moja, kwamba hukusoma."

Nilimkumbuka mumewe kituoni, mikono yake mikubwa kwenye usukani. Nilifikiria jinsi habari ingefika Kamukuywa kabla ya wiki kwisha, na baba, ambaye alikuwa amesema mbele ya watu, ilisomwa, akipita sokoni na fimbo yake ya uzeeni. Nilifikiria mambo mengi yenye heshima. Chini yake kulikuwa na jambo moja tu, nalo halikuwa na heshima: nilikuwa nimeshapata nafuu ya kuungama, na sikutaka kuipoteza.

"Leo nina safari ya Bungoma," nilisema. "Gari la mwisho litaniacha. Nitarudi wiki ijayo, mama. Jumamosi. Nitamwambia."

Alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na mtu anayenisikia vizuri hivyo.

"Haya," alisema.

Niliinuka, nikachukua mkoba wangu. Kwetu mgeni husindikizwa. Hata mgeni mbaya, hata aliyekuja kuleta ugomvi, husindikizwa hadi barabarani, au basi hadi pale njia inapokata kona, na mkiwa mnatembea ndipo maneno yaliyoshindikana ndani ya nyumba husemwa. Niliufikia mlango polepole ili apate muda wa kuvaa ndala zake. Zilikuwa pale pale kizingitini, zimeelekea nje. Nilitoka, nikasimama hatua moja kwenye ua, nikigeuka nusu.

Hakuvaa ndala. Alisema, "Safari njema, binti ya mwalimu," kisha akasukuma mlango ukajifunga nyuma yangu, na nikasikia komeo likiingia.